Habari za Kusafisha Injini Kabla ya Kupakwa Rangi

Vitabu vya historia ya mitambo vimejaa majina ya wavumbuzi. Aliyebuni injini hutajwa, aliyeiunda hutajwa, aliyeiuza hutajwa, na mara nyingine hata aliyeiharibu hutajwa. Mtu aliyechuchumaa uani kwake na tambara mkononi, akaifuta injini kuukuu masizi na grisi ya miaka kumi hata chuma kikaonekana, hatajwi popote. Walakini kazi yake ina historia, nayo si fupi wala si nyepesi. Ndani yake mna habari za biashara na za kemia, za moto na za maradhi, na za dhana moja ya zamani iliyowaponza mafundi wa nchi nyingi: kwamba rangi ikiisha kupakwa, kilicho chini yake hakina neno.

Hapana rangi ikaayo juu ya mafuta. Kila mpaka rangi hulijua jambo hili, hata kama hajaambiwa sababu yake. Rangi ingali majimaji lazima itandae na kuambatana na chuma. Ikiangukia grisi hujikusanya na kuwa matone, kama maji juu ya jani la myugwa. Hata ikilazimishwa kwa brashi ikatandaa, huishika grisi, na grisi yenyewe haikushika kitu. Injini ikipata moto grisi hulainika, rangi hufura malengelenge, kisha hubambuka vipande vipande, na unyevu huingia kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo katika kazi ya kupaka injini rangi, kupaka ndiyo sehemu ndogo. Fundi aliyezoea hutumia siku mbili kusafisha na saa mbili kupaka, na mwanafunzi wake huona kuwa mwalimu anapoteza wakati.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walilijua jambo hili kabla injini haijafika kwao. Chombo cha mbao kilipopandishwa pwani kutengenezwa, tumbo lake lilikwanguliwa viumbe vya bahari vilivyoganda, likababuliwa kwa moto wa makuti, likaachwa likauke. Ndipo lilipopakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya samaki ambayo harufu yake haimsahau mtu aliyepata kusafiri nayo. Hapa mafuta yalikuwa ndiyo rangi, lakini sheria ilikuwa ile ile: kwanza kukwangua, kisha kukausha, mwisho kupaka. Jambo la ajabu ni kwamba kitu kilichokuwa kinga katika kazi ya jahazi ndicho kilichokuwa kizuizi katika kazi ya injini. Tena hata katika injini grisi si adui mtupu. Mara nyingi fundi hubandua ganda la grisi na vumbi lenye unene wa kidole, akakuta chini yake chuma kizima kisicho na doa la kutu, huku upande mwingine wa injini, ambako mafuta hayakuvuja, kutu imekula chuma hata kikafanya mashimo. Uchafu ulikuwa umemlindia mali yake.

Injini za kwanza zilikuwa na uchafu wa namna nyingine kabisa na uchafu wa leo. Injini za mvuke za James Watt, zilizoanza kufanya kazi ya biashara huko Uingereza mwaka 1776, zililainishwa kwa shahamu ya wanyama. Baadaye reli zilipotandazwa, mawese ya Afrika ya Magharibi yalinunuliwa kwa wingi na Waingereza, wakayatumia kwa sabuni, kwa mishumaa, na kwa kulainisha ekseli za mabehewa. Mafuta ya nyangumi na mafuta ya mbegu za mimea yalifanya kazi nyingine. Yote hayo yalikuwa mafuta ya viumbe hai, na mafuta ya viumbe hai yana adui wake wa tangu zamani, naye ni magadi.

Mfaransa Michel-Eugène Chevreul ndiye aliyeeleza sababu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1823 alionyesha ya kuwa shahamu ikikutana na magadi makali huvunjika, ikaacha sabuni upande mmoja na glisirini upande wa pili. Maneno haya yanamhusu sana msafishaji wa injini. Mtu aliyechemsha kipande cha chuma chenye shahamu katika maji ya magadi hakuwa anaondoa uchafu tu. Alikuwa anaugeuza uchafu wenyewe kuwa sabuni, na sabuni hiyo ikasaidia kuondoa ule uliobaki. Ni kazi chache duniani ambazo adui hushurutishwa kubeba silaha dhidi yake mwenyewe kwa namna hii. (Chevreul alizaliwa mwaka 1786 akafa mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 102, alizaliwa kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, akafa miaka mitatu baada ya Karl Benz kupata hati ya motokaa yake. Si wataalamu wengi waliopewa muda wa kutosha kuona maarifa yao yakipitwa na wakati.)

Magadi yenyewe yalikuwa na mashaka yake. Kwa muda mrefu Ulaya iliyapata katika majivu ya mimea. Mwaka 1791 Nicolas Leblanc alipata hati ya njia ya kuyatengeneza kwa chumvi ya kawaida, lakini Mapinduzi yalimnyang'anya kiwanda chake, na mwaka 1806 alijiua akiwa fukara. Mbelgiji Ernest Solvay alipata njia iliyo rahisi zaidi mwaka 1861, na njia yake ikashinda. Afrika ya Mashariki haikuhitaji njia ya Leblanc wala ya Solvay, maana Mungu aliyatandaza magadi juu ya ardhi ya Bonde la Ufa. Watu waliyachukua kwa kulainishia maharagwe na kwa kuchanganyia tumbako miaka mingi kabla ya kuundwa kwa kampuni ya Magadi Soda mwaka 1911, ambayo ilijengewa njia ya reli kwenda ziwani huko Kenya. Ziwa hilo ndilo lililopewa jina la kitu kilichomo ndani yake.

Basi kama injini zingeendelea kula shahamu, historia ya kuzisafisha ingekwisha hapo. Haikuwa hivyo. Mwezi wa Agosti 1859 Edwin Drake alipata mafuta ya ardhini huko Titusville, Pennsylvania, katika kisima chenye kina cha mita 21 hivi. Watu walitaka mafuta ya taa tu, lakini baada ya mafuta ya taa kutolewa yalibaki mafuta mazito ambayo hapana aliyejua kazi yake. Daktari mmoja Mmarekani, John Ellis, aliyajaribu katika mitambo, na mwaka 1866 akaanzisha kampuni ya kuyauza kwa kulainisha silinda za mvuke. Kufaulu kwake kulikuwa na sababu ya wazi. Shahamu ikipigwa na mvuke wenye moto mkali huvunjika na kutoa asidi, na asidi hiyo huitafuna chuma. Mafuta ya ardhini hayavunjiki hivyo. Wenye mitambo walifurahi. Ila ubora huo huo ndio uliomtia taabu msafishaji, kwani kitu kilichokataa kuvunjwa na mvuke kilikataa vile vile kuvunjwa na magadi. Mafuta ya ardhini hayafanyi sabuni, hata yakichemshwa kutwa kucha. Magadi ya moto huweza kuyabandua na kuyaelea, hasa yakisaidiwa na sabuni, lakini muujiza wa Chevreul haupo tena.

Mafuta ya viumbe hai hayakuondoka yote kwa siku moja. Katika Vita Kuu ya Kwanza ndege nyingi zilikuwa na injini za kuzunguka, kama zile za Gnome na Le Rhône, zilizolainishwa kwa mafuta ya mbarika, kwa sababu mafuta hayo hayachanganyiki upesi na petroli. Injini hizo ziliyatupa nje mafuta pamoja na moshi, yakaipaka ndege na rubani wake pia. Mafuta ya mbarika yakikaa juu ya chuma cha moto huganda kama gundi, na mafundi wa ndege wa siku zile walikuwa na kazi ya kukwangua ambayo wenzao wa motokaa hawakuijua.

Kwa mafuta ya ardhini dawa ilitoka katika kisima kile kile. Mafuta ya taa, ambayo Abraham Gesner wa Kanada aliyaonyesha watu mwaka 1846 akiyapata katika makaa, huingia ndani ya grisi na kuiyeyusha, kwa kuwa ni ndugu wa nasaba moja. Hayaigeuzi kuwa kitu kingine. Huifanya nyepesi tu, hata ikakubali kufutwa. Katika Afrika ya Mashariki yalikuja ndani ya mikebe ya bati ya galoni 4, yaani lita 18, ambayo watu waliita debe. Debe likawa kipimo cha mahindi, chombo cha kutekea maji, bati la kuezekea, na kwa fundi likawa beseni la kuoshea vyuma: lilikatwa kwa ubavu, kingo zikakunjwa zisikate mikono, likatiwa mafuta ya taa yaliyowahi kuwa ndani yake lilipokuwa zima. Mpaka leo katika gereji nyingi injini ikifunguliwa, kitu cha kwanza kuitwa baada ya spana ni debe lililokatwa au karai.

Katika reli za Uingereza kazi ya kufuta ilikuwa mlango wa cheo. Kijana aliyetaka kuwa dereva wa gari la moshi hakuanza kwa kuliendesha, wala kwa kutia makaa. Alianza kwa kulifuta. Alipewa pamba mbovu na mafuta, akaingia chini ya mtambo usiku, akafuta magurudumu na vyuma vya kuendeshea, na baada ya miaka kadhaa akapandishwa kuwa mtia makaa, kisha baada ya miaka mingi zaidi dereva. Wako waliosema kuwa mpango huo ulikuwa njia ya kupata kazi ya vijana kwa ujira mdogo, na hapana shaka kuna kweli katika neno hilo. Lakini kulikuwa na faida ambayo wakubwa waliijua: mkono unaofuta hupita kila mahali, na mkono huo ndio wa kwanza kugusa ufa. Reli ya Uganda ilipofika ziwani Nyanza mwezi wa Desemba 1901, injini zake zilikuja na desturi za karakana za Kiingereza. Miaka 50 na zaidi baadaye Reli za Afrika ya Mashariki zilipokea injini 34 za Garratt za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima na kupakwa rangi ya damu ya mzee. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Mtu aliyeisifu rangi ile alikuwa anamsifu mfutaji bila ya kujua.

Petroli ina habari ya kuchekesha kidogo. Watu hudhani kuwa ilianza kama chakula cha motokaa, ndipo mafundi wakaiazima kwa kusafishia. Mambo yalikuwa kinyume. Kabla ya motokaa, sehemu nyepesi za mafuta ya ardhini zilikuwa karibu takataka. Kiasi kidogo kiliuzwa katika maduka ya dawa kwa kuondoa madoa katika nguo. Mwezi wa Agosti 1888 Bertha Benz, mke wa Karl Benz, alichukua motokaa ya mumewe bila ya kumwambia, akaenda na wanawe wawili toka Mannheim mpaka Pforzheim, safari ya kilomita 100 hivi. Mafuta yalipomwishia alinunua ligroini katika duka la dawa la Wiesloch, na ligroini hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa kusafisha. Husimuliwa pia kwamba bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Basi safari ya kwanza ndefu ya motokaa ilifanywa kwa dawa ya madoa, na matengenezo yake ya kwanza njiani yalikuwa ni kusafisha.

Petroli husafisha upesi kuliko mafuta ya taa, na hapo ndipo penye hatari. Mvuke wa mafuta ya taa hauwaki kwa cheche mpaka mafuta yenyewe yapate joto la digrii 38 za sentigredi au zaidi; petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Tofauti hii ilipimwa kwa sababu watu walikufa. Mafuta ya taa ya karne ya 19 mara nyingi yalichanganywa na petroli, kwa uzembe au kwa tamaa, na taa zikalipuka majumbani. Mtaalamu Mwingereza Frederick Abel alibuni chombo cha kupima, na mwaka 1879 chombo hicho kikaingizwa katika sheria ya Uingereza. Sheria ilimlinda mwenye taa. Mwenye debe la petroli uani, karibu na jiko la mkaa la mkewe, hakutungiwa sheria iliyomfikia.

Kisha petroli ikatiwa sumu. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mtaalamu wa Kimarekani, aligundua kwamba dawa ya risasi ikitiwa katika petroli huizuia injini kugonga, na mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa. Mwezi wa Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walipatwa na wazimu wakafa kwa dawa hiyo. Ili kuwatoa watu hofu, Midgley aliwaita waandishi wa magazeti, akanawa mikono kwa ile dawa mbele yao, akainusa kwa muda wa dakika moja. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuugua kwa risasi kabla ya siku ile. Tendo hili linastahili kukumbukwa katika habari za kusafisha injini kuliko katika habari nyingine yoyote, kwa sababu lile alilolifanya mara moja kwa kuonyesha watu, mafundi wa dunia nzima walilifanya kila jioni bila ya kutazamwa na mtu: walimaliza kazi, wakachota petroli kwa kopo, wakanawa mpaka viwiko, wakaenda kula. Risasi ya namna ile hupenya ngozi. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha petroli ya risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa motokaa, Aljeria, iliiacha mwaka 2021. Kwa hiyo fundi yeyote wa Mombasa au wa Tanga mwenye umri wa miaka 60 alinawa kwa petroli ya Midgley muda wa nusu ya maisha yake ya kazi.

Wale waliochoka na moto walitafuta kioevu kisichowaka, wakakipata katika klorini. Kaboni tetrakloraidi iliyeyusha grisi vizuri ajabu na haikushika moto; ilitiwa hata katika vyombo vya kuzimia moto. Lakini iliharibu maini na mafigo ya waliopumua mvuke wake, na mwaka 1970 Marekani iliikataza katika bidhaa za nyumbani. Ndugu yake trikloroethilini ilitawala viwandani muda mrefu: kipande cha chuma kilining'inizwa juu ya kioevu kinachochemka, mvuke ukaganda juu yake na kuteremka na grisi yote, kikatoka kikavu. Hapana njia nyingine iliyosafisha kwa unadhifu ule. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitia katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa wanadamu, na mwezi wa Desemba 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kuipiga marufuku. Hata mafuta yenyewe ya kulainishia hayakuwa salama. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester walionyesha kuwa wasokota pamba, ambao suruali zao zilirowa mafuta ya mashine siku zote, walipatwa na saratani ya ngozi ya pumbu kuliko watu wengine. Ilikuwa mwaka 1953, yaani miaka 31 baadaye, ndipo sheria ya Uingereza ilipowalinda kwa mafuta yaliyo safi zaidi. Mkono wa fundi na paja la msokota pamba vilikuwa vinasema jambo moja, ila vilisikilizwa kwa nyakati mbalimbali.

Imebaki habari ya alumini, ambayo iliyachafua mambo kwa namna yake. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, walipata njia ya kuitoa alumini kwa nguvu za umeme, na bei yake ikashuka. Ndege ya ndugu Wright ya mwaka 1903 ilikuwa na injini yenye mwili wa alumini. Fundi wa zamani aliyezoea chuma cha kusubu alichemsha kila kitu katika pipa la magadi makali, yale ambayo wauza dawa huyaita kostiki soda, na chuma hakikudhurika. Siku alipotumbukiza kifuniko cha alumini katika pipa lile lile, maji yalianza kutoa povu, hewa ya hidrojeni ikapanda, na kifuniko kikaliwa. Akikisahau mpaka asubuhi alikuta kimebaki kipande tu. Injini za leo zina alumini nyingi, tena mara nyingi imefungamanishwa na chuma katika mtambo mmoja, kwa hiyo dawa moja haiwezi kuamriwa kwa wote. Wenye kununua injini kuukuu na kuisafisha nyumbani hufanya kosa hili hata sasa, kwani maarifa ya babu hayakuandikwa alumini.

Yafaa sasa kuirudia ile dhana iliyotajwa mwanzo, ya kuwa rangi hufunika neno. Mpango wa Karanga wa Tanganyika, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, ulitaka matrekta mengi katika miaka ambayo matrekta mapya yalikuwa adimu. Wakuu wa mpango wakanunua yaliyokwisha kutumika, mengine katika mabaki ya vita huko Ufilipino. Kabla ya mwaka ule kwisha theluthi mbili ya matrekta yalikuwa hayafanyi kazi. Udongo wa Kongwa una chembe kali za mchanga zilizokula majembe ya chuma; chembe hizo zikichanganyika na grisi hufanya kitu kama msasa wa majimaji, ambao hauonekani kwa nje na haukomi kusaga. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule, na zaidi ya paundi milioni 36 zikafutwa katika hesabu. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, mvua ikiwa mojawapo na kiburi kikiwa nyingine, wala si haki kuitwika grisi lawama yote. Lakini mtambo uliotumika hununuliwa kwa macho, na macho huona rangi.

Mafundi wa reli walikuwa na njia ya kuishinda rangi, nayo ni njia nzuri kupita zote katika historia hii. Ekseli au kipande kingine kilisafishwa mpaka kikawa cheupe. Kisha kilipakwa mafuta mepesi, kikaachwa kitambo, kikafutwa tena mpaka kikawa kikavu kwa macho na kwa mkono. Halafu kilipakwa chokaa nyembamba, kikagongwa kidogo kwa nyundo au kikaachwa kipumzike. Kama chuma kilikuwa kizima, chokaa ilibaki nyeupe. Kama kilikuwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, mafuta yaliyojificha ndani yake yalitoka taratibu yakaandika mstari mweusi juu ya chokaa, urefu wake sawasawa na urefu wa ufa. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Marekani waliiboresha njia hii kwa rangi ing'aayo katika mwanga wa zambarau usioonekana, lakini chokaa na mafuta ya taa hupatikana katika kila mji, na mtu wa nyumbani aweza kuifanya kazi hiyo kwa shilingi chache. Ni ajabu kwamba chokaa na mafuta, vile vile vilivyokuwa deheni ya kufichia chombo maji, katika karakana viligeuka kuwa shahidi.

Anayefanya kazi hii nyumbani leo ana urithi huu wote mbele yake, aujue au asiujue. Injini ikiwa baridi, hutoa mafuta ya zamani na kuyatia katika chombo chenye kifuniko, si katika mfereji. Huziba matundu yote kwa matambara na mifuko ya nailoni, maana mchanga ukiingia ndani hasara yake hupita faida ya usafi. Hukwangua ganda kavu kwa kipande cha mti mgumu kabla ya kutia kioevu chochote, kwa sababu kioevu kikitangulia, ganda hugeuka tope na kuenea. Kisha hupaka mafuta ya taa kwa brashi ya nywele ngumu, mara mbili au tatu, akiyaacha yanywewe. Hapo hujulikana mahali pa kuvuja, kwa kuwa grisi ya hapo ni mbichi na ya kwingineko ni kavu. Baada ya hapo huja maji ya moto na sabuni ya unga. Sabuni za namna hii zilianzia Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, shahamu ilipoadimika. Hazitokani na shahamu, na hushika mafuta ya ardhini kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili, ndiyo maana huondoka navyo pamoja. Atazamaye maandishi ya pakiti ataona kuwa moja ya vitu vilivyomo aghalabu ni sodiamu kaboneti, yaani magadi.

Kukausha hakungoji. Chuma cha kusubu kilichooshwa kikakosa mafuta yake huanza kuota kutu nyekundu kwa saa chache, na katika hewa ya pwani kwa muda mfupi kuliko huo. Sehemu zisizopakwa rangi hutiwa mafuta mara moja. Zinazopakwa hupitishwa msasa, zikafutwa vumbi, kisha zikafutwa kwa mara ya mwisho kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa spiriti, mbali na moto. Fundi hukitazama kitambaa kabla ya kufungua mkebe wa rangi. Kikitoka na weusi, hurudi kwenye debe.